Kelele za Waya na Sitara ya Nyumba

Kwa fundi umeme wa rika langu, kelele ilikuwa adui. Nazungumzia kelele ya ndani ya waya, ule mchafuko mdogo wa umeme unaozuka kila swichi inapobonyezwa au mota inapoanza kuzunguka. Huioni, na mita haiihesabu, lakini mwenye redio ya masafa ya kati anaijua vizuri. Mtangazaji yuko katikati ya taarifa ya habari, jirani anawasha cherehani yake ya umeme, na habari yote inamezwa na mkwaruzo. Nilipokuwa kijana pale Ngamiani, Tanga, mteja alikuwa akija kulalamikia redio, nasi tunakwenda moja kwa moja kwenye cherehani ya jirani. Unafungua mota, unaiwasha ikiwa wazi, unaona cheche za buluu zikirukaruka pale kaboni zinapogusa shaba. Unatoa kaboni zilizolika, unasugua shaba kwa msasa laini mpaka ing'ae, unaweka kaboni mpya, kisha unachomelea kapasita ndogo kati ya nyaya mbili za kuingizia umeme. Redio ikitulia, unalipwa. Mafunzo yetu yote juu ya kelele yalikuwa mafunzo ya kuizima.

Nimeshastaafu sasa. Mjukuu wangu anasomea shahada ya uzamivu katika taaluma inayochunguza namna watu na kompyuta wanavyoelewana, na likizo moja aliniletea kazi ya mwanafunzi aliyemtangulia kwa miaka mingi katika njia hiyohiyo. "Shikamoo babu. Hii ni ya kwako," aliniambia, "huyu ameandika habari za waya." Tuliisoma pamoja ukurasa kwa ukurasa, yeye akinitafsiria nilipokwama, mimi nikimweleza umeme alipokwama yeye.

Mwanafunzi huyo ni Shwetak Patel. Wakati huo alikuwa katika Taasisi ya Teknolojia ya Georgia, mjini Atlanta, Marekani, akisimamiwa na Gregory Abowd. Mwaka 2007 yeye na wenzake walichapisha jambo ambalo sisi mafundi tulikuwa nalo mikononi kila siku. Walichukua kifaa kimoja, wakakichomeka kwenye soketi moja ya ukutani, wakakiunganisha na kompyuta. Kupitia soketi hiyo moja, kompyuta iliweza kusema ni taa ya chumba gani imewashwa, au kama kilichowashwa ni televisheni au jiko la umeme, hata kama kiko upande wa pili wa nyumba.

Siri yake ni ile kelele. Swichi inapokata au kuunga umeme, huzuka mshtuko wa muda mfupi mno, ambao hutupa kwenye waya mchafuko wa masafa mengi kwa pamoja. Mchafuko huo husambaa katika nyaya za nyumba nzima, na njiani hupungua hapa na kubaki pale, kutegemea urefu wa waya, mapindi yake na vitu vilivyochomekwa. Kwa hiyo taa mbili za aina moja, moja ya chumbani na nyingine ya jikoni, kelele zake hufika kwenye soketi zikiwa na sura mbili tofauti. Blenda nayo, kwa sababu ya kaboni zilezile nilizokuwa nikibadilisha, hupiga kelele muda wote inapozunguka. Kompyuta haizaliwi ikijua haya. Lazima mtu azunguke nyumba nzima akiwasha na kuzima kitu kimoja kimoja, huku mashine ikirekodi na kuambiwa kuwa hii ni feni, hii ni taa ya ukumbini. Walijaribu katika nyumba moja kwa majuma kadhaa na katika nyumba nyingine tano kwa juma moja kila moja, na kompyuta ikawa inatambua kwa usahihi wa asilimia 85 hadi 90.

Wenzangu wa barazani wana kauli moja juu ya vijana hawa: hawajui kazi za mikono, wamezoea kukaa mbele ya kioo. Mimi siikubali. Kuingia nyumba ya watu, kubonyeza swichi ileile mara nyingi, kuandika kila tukio, kurudi siku nyingine kuhakikisha kama friji bado inasikika vilevile, hiyo ni kazi ya fundi na subira yake ni ya fundi. Tunapoachana nao ni kwenye swali la kwanza. Sisi tukiambiwa tupime kitu, tulileta chombo kipya na waya mpya. Wao wanauliza kwanza ndani ya nyumba hii kuna nini ambacho tayari kinajua.

Hata wao hawakuanza hivyo. Mwaka 1991 Mark Weiser, aliyekuwa kituo cha utafiti cha Xerox PARC kule California, aliandika katika jarida la Scientific American kwamba kompyuta za karne ya 21 zitajichanganya na vitu vya kawaida mpaka watu wasizitambue. Wengi waliomfuata waliitikia kwa kujaza vifaa. Taasisi ile ya Georgia ilijenga nyumba nzima kwa ajili ya utafiti, ikaiita Aware Home, na humo watafiti walikuwa na kamera na vihisio vya kila namna, hata vya sakafuni. Kwa utafiti ni nyumba nzuri, lakini hakuna mwenye familia atakayebomoa dari yake na kuchimbua sakafu ili kompyuta ijue kama amewasha taa. Patel alikulia kitaaluma katika mazingira hayohayo, akayatoa yote ukutani, akabakiza soketi.

Alipohitimu mwaka 2008 alikwenda kufundisha Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, na mwaka uliofuata wazo hilo likahamia kwenye maji. Jon Froehlich, naye akiwa mwanafunzi wa uzamivu pale, alikuwa miongoni mwa walioonyesha kwamba kihisio kimoja cha mgandamizo kikifungwa kwenye bomba la nje kinaweza kusema ni bomba gani ndani ya nyumba limefunguliwa. Mafundi bomba wanakijua kile kishindo cha maji unapofunga koki kwa ghafla. Kwetu kilikuwa dalili ya bomba lililolegea ukutani. Wao walikisoma katika nyumba 10, wakataja bomba husika kwa usahihi wa asilimia 97.9. Mwaka 2011 Patel alipewa tuzo ya MacArthur, nami sioni kama ilikosea njia.

Uwekevu huu ndio unaonifanya niwaheshimu. Kwa nchi kama zetu, mbinu isiyohitaji kubomoa ukuta wala kununua vihisio vya kila chumba ina maana kubwa kuliko ilivyo Atlanta. Maabara ya Patel kule Seattle ilionyesha mwaka 2012 kwamba kipaza sauti cha simu kinaweza kupima nguvu ya mapafu mtu anapopuliza kwa nguvu mbele yake, kisha mwaka 2016 wakaonyesha kwamba inawezekana hata kwa kupiga simu ya kawaida na kupuliza. Hatua hiyo ya pili inanigusa zaidi, maana ilimkumbuka mwenye simu ya kitochi. Na mwaka 2024 ulitoka utafiti wao na wenzao wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, Nairobi, juu ya kumtambua mgonjwa wa kifua kikuu kwa sauti ya kikohozi. Walirekodi vikohozi vya asili zaidi ya 33,000 kutoka kwa wagonjwa wa kifua kikuu na wa maradhi mengine ya kifua. Sauti ambayo kila mtu katika daladala huigeuzia uso, hapo imewekwa kwenye mizani.

Kusikia, basi, wamejua. Linalobaki, na ambalo kwangu mimi ndilo kubwa, ni kiasi gani cha walichosikia wanakisema, na wanamwambia nani.

Hapa nasema kama mzee, kwa sababu sisi wazee ndio tuliokuwa sababu ya sehemu kubwa ya utafiti huo. Nyumba ile ya Atlanta iliulizwa tangu mwanzo itawezaje kumsaidia mtu mzima aendelee kuishi kwake badala ya kupelekwa kwenye makao ya wazee. Kwetu jambo hilo lilikuwa mbali, kwa kuwa mzee alizungukwa na watu. Sasa limesogea. Nina marafiki ambao watoto wao wako Muscat, wengine Doha, wengine Toronto, na nyumbani wamebaki wao na msichana wa kazi. Mtoto anapiga simu kila siku kuuliza, "Umeamkaje baba?" na baba anajibu "salama" hata siku ambayo goti halijamruhusu kufika chooni.

Elizabeth Mynatt na Jim Rowan, wote wakati huo wa taasisi hiyohiyo ya Georgia, walitengeneza kitu ambacho nimekiwaza kwa muda mrefu. Ni fremu ya picha. Ndani yake kuna picha ya mzazi, na fremu inawekwa nyumbani kwa mtoto aliye mbali. Pembezoni mwa picha kuna vipepeo. Vihisio vilivyo nyumbani kwa mzazi vinahesabu mwendo wake wa siku, na vipepeo vinakuwa vikubwa au vidogo kutegemea kama siku hiyo alitembea sana au kidogo. Anachokiona mtoto akitupia fremu jicho ni vipepeo hivyo. Vipepeo havimwambii mama yake ameingia chumba gani, wala saa, wala mara ngapi taa ya chooni imewashwa usiku. Akiona vipepeo vimedhoofika siku mbili mfululizo, anapiga simu na kuuliza, na mama ana hiari ya kueleza au kutoeleza.

Sijui kama vijana wanaosoma kazi hiyo leo wanaona uzito wake. Mashine ilikuwa na habari nyingi zaidi mkononi, na waliotengeneza wakaamua vipepeo visiseme. Walimwachia yule mama sitara yake. Nyumba husitiri mambo, walisema waliotutangulia, na fremu ile, ingawa imetengenezwa na watu wasioujua usemi huo, imeutii kuliko vifaa vingi ninavyoviona vikiuzwa madukani Kariakoo vikiwa na kamera ya kumtazama mfanyakazi wa ndani.

Basi tuje kwenye nyumba zetu. Umeme wa majumbani wa Marekani ni volti 120 na herzi 60, wetu ni volti 230 na herzi 50. Hilo ni dogo, mashine inafundishwa upya. Kubwa ni namna tunavyoishi. Nyumba waliyoizoea watafiti ni ya familia moja. Chukua ya kwetu, iwe Ngamiani au Manzese: vyumba sita, korido katikati, choo na bafu uani, na mita moja ya LUKU, ya umeme wa kulipia kabla, kwa wapangaji wote. Waya wa awali ulitandazwa kwa ajili ya taa na soketi moja kila chumba. Baada ya hapo kila mpangaji ameunga yake, ekstensheni juu ya ekstensheni. Mpangaji akihama mwisho wa mwezi, friji inahama naye na sura ya kelele ya nyumba nzima inabadilika. Umeme ukikatika jioni na kurudi usiku wa manane, feni, friji, redio na televisheni zote zinaamka kwa mkupuo mmoja, na hiyo kompyuta itabidi ichambue kelele ya nyumba sita ndani ya nyumba moja. Namwambia mjukuu wangu kila mara: hapo kuna tasnifu inayomsubiri mtu aliyelala katika chumba kama hicho.

Na faida yake ipo waziwazi. Hakuna jambo linalogombanisha wapangaji kama LUKU. Wanachanga sawa kwa sawa, lakini mmoja ana friji na televisheni, mwingine ana balbu na chaja ya simu. Yuniti zikiisha kabla ya siku zake, macho yote yanakwenda kwenye mlango mmoja. Mama mwenye friji anasema analala ameizima. Kijana wa chumba cha mwisho anasema kuna mtu anapikia koili usiku. Mwenye nyumba anapiga marufuku pasi, na marufuku hiyo inavunjwa kila Jumapili alfajiri kabla ya ibada. Ziko mita ndogo za kufunga kila chumba, ila kuzifunga kwa haki kunadai uvute waya upya kutoka meni swichi hadi kila mlango, na wenye nyumba wengi wakisikia bei wanaacha ugomvi uendelee. Kifaa kimoja kwenye soketi moja kingeweza kuumaliza. Ukishajua friji ya chumba cha nne imezunguka kwa saa ngapi, na unajua inakula wati ngapi, kilichobaki ni kuzidisha.

Lakini kifaa kinachojua hilo kinajua mengine. Kinajua kijana wa chumba cha mwisho amerudi saa nane usiku. Kinajua mjane wa chumba cha pili, ambaye hulala na taa imezimwa, juma hili amelala imewaka. Kinajua mtu amenyoosha nguo alfajiri siku ambayo alisema hana kazi. Kikimilikiwa na mwenye nyumba, kimempa sikio ndani ya kila chumba alichopangisha. Mafundi wa zamani tuliingia vyumbani kwa hodi, tukasindikizwa, tukatazama waya na kuinamisha macho kwa mengine. Kifaa kilichochomekwa koridoni hakina haja ya kuingia.

Wengi wa rika langu wakisikia haya husema basi tusikilete kabisa. Nami siwaungi mkono, kwa sababu ugomvi ule wa LUKU ni dhuluma halisi: mwenye balbu moja anamlipia mwenye friji mwaka mzima. Nataka kije, ila kije kimeshaamuliwa kitasema nini. Na uamuzi huo una wakati wake. Patel na wenzake waliokuwa wakipima umeme wa majumbani walianzisha kampuni, Zensi, ambayo Belkin waliinunua mwaka 2010, miaka mitatu tu baada ya ile makala ya soketi. Njia kutoka tasnifu hadi dukani ni fupi namna hiyo. Kitu kikishapata mnunuzi, anayeamua kitaeleza nini ni mnunuzi. Mwanafunzi ndiye mwenye nafasi ya kuamua kabla yake, angali peke yake na msimamizi wake na kurasa zake.

Nimemweleza mjukuu wangu ninavyokitaka. Kila mpangaji aone matumizi ya chumba chake tu, kwa shilingi, kwa ujumbe mfupi unaofika hata kwenye simu ya kitochi. Mwenye nyumba aone jumla ya nyumba na kama imelipwa. Saa za kuwasha na kuzima asizione yeyote. Rekodi zibaki ndani ya kifaa, zisipelekwe popote, na hesabu ya mwezi ikikubaliwa zifutwe. Mpangaji akihama, alama za vitu vyake zifutwe mbele ya macho yake. Siku ile ya kuifundisha mashine, mpangaji mwenyewe ndiye abonyeze swichi za chumbani kwake, aone kwenye skrini kelele ya feni yake ikitokea, ajue kwa hakika kifaa kinasikia nini. Asiyetaka, aendelee kuchanga kwa makadirio ya zamani.

Alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza: "Lakini babu, atakayekinunua ni mwenye nyumba. Kwa nini alipie kitu kisichomwambia chochote?"

Swali lake lina nguvu, na najibu nikiwa mhusika, maana nami nina nyumba ya kupangisha. Nimekaa kwenye vikao vya LUKU mpaka saa tano usiku, watu wazima wakitoleana maneno mbele ya watoto. Kuondokana na vikao hivyo ningelipa, na najua wenzangu ambao wangelipa pia. Ila nikipewa na saa za kulala za wapangaji wangu, nitazisoma. Siku kodi ikichelewa nitazikumbuka, na nitakuwa na hoja ambayo mpangaji hana namna ya kuijibu. Kwa hiyo isiachwe kutegemea wema wangu. Kifaa kiundwe kisiweze kunipa.

Amekubali kuiandikia sura yake katika tasnifu, na ameniomba nyumba ya kujaribia. Nimempa yangu, wapangaji wakiridhia. Kikao cha kuwauliza ataitisha yeye siku ambayo mimi nimesafiri, kwa sababu mpangaji hamkatalii mwenye nyumba usoni, na watakaosema hapana atabaki nao yeye, mimi asinitajie majina yao.